Mita Mia Nne za Kuziba Mdomo

Saa kumi na mbili alfajiri, ndivyo karatasi ilivyosema. Mbio ndefu, kilomita arobaini na mbili na ushei, zianze saa kumi na mbili kamili, wakati ardhi bado ina ubaridi na mtu bado ana akili zake. Ilipogonga saa mbili asubuhi, wakimbiaji mia na kitu walikuwa bado wamesimama nyuma ya kamba kama mbuzi wanaosubiri zizi lifunguliwe, na mgeni rasmi hajatia mguu. Turubai lake lilikuwa limefika. Viti vyake vya kuvalishwa vitambaa vilikuwa vimefika. Soda zake zilikuwa zimelala kwenye barafu. Yeye mwenyewe "yuko njiani". Jamani, mtu aliye njiani kwa saa mbili nzima anatoka wapi, mwezini?

Mpishi alikuwa mstari wa mbele, anachezesha miguu isije ikaganda, na hasira zimemfika hapa, kooni. Walimwita Mpishi kwa kuwa ndiyo kazi yake: alipika katika shule ya bweni, watoto mia nne, masufuria makubwa kiasi kwamba akitaka kuyasugua inabidi aingize mwili hadi kiunoni. Joto halikuwa geni kwake. Miaka kumi na moja amekuwa akisimama mbele ya moto wa kuni akikoroga kwa mwiko mrefu kama kasia. Lakini joto la jikoni ukizidiwa unatoka nje unapunga upepo. La barabarani unatoka uende wapi?

Alichokitaka siku hiyo kilikuwa kimoja tu, na pale kambani hakuna asiyekijua. Mbili hamsini. Mwanamke atakayemaliza chini ya saa mbili na dakika hamsini anachukuliwa kambi ya timu ya taifa, miezi mitatu, jezi mgongoni, mradi awe hajatimiza miaka thelathini na sita. Mpishi alikuwa anaitimiza mwezi ujao. Kwa hiyo msimwambie habari za mwakani. Ni leo, ama arudi kwenye mwiko wake azeeke nao.

Na kinachouma zaidi ni kwamba mwaka jana aliipata. Alimaliza kwa mbili arobaini na tisa, watu wakambeba juu juu, mama yake akalia mpaka akakaukiwa. Siku tatu baadaye akaja Kocha, yule anayechagua watu wa kambi, na vijana wake na vipimo vyao. Akasema njia ni fupi. Mita mia na themanini zimepungua, muda wa kila mtu umefutwa, asanteni kwa kushiriki. Basi, imekwisha hivyo, kama mtu anayefuta ubao.

Na aliyeipima hiyo njia alikuwa nani? Kaka yake Mpishi, wa baba mmoja mama mmoja. Kaka alifanya kazi idara ya barabara, mtu wa gurudumu la kupimia, lile lenye mpini mrefu na kijisanduku cha namba kinacholia tik kila mita. Alipita nalo katikati ya barabara, kama alivyozoea kazini, kwa sababu barabara hupimwa katikati. Lakini mkimbiaji si lori. Akifika kwenye kona anakata ndani, na kona zile zilikuwa nyingi kuliko mashimo. Kocha alimsimamisha mbele ya watu akamwambia, "Mtu wa barabara hujui urefu wa barabara? Au ulikuwa unampunguzia dada yako mzigo?" Watu wakacheka. Kaka akainamisha kichwa, akakunja daftari lake akaenda zake.

Mwaka huu kamati ikamwita yeye yeye, maana gurudumu lingine halipo. Safari hii alipima kwa kufuata ukingo wa ndani wa kila kona, siku nne mfululizo, na kila kilomita akachomeka kibao chenye namba nyekundu. Mpishi alipomuuliza kama iko sawa, alijibu, "Mdogo wangu, mwaka huu hakuna mdomo utakaofunguka." Akaridhika. Kwa nini asiridhike? Ni kaka yake.

Mgeni rasmi alishuka kwenye gari saa mbili na dakika tano. Hakukimbia hata kidogo kutoka kwenye gari hadi kwenye turubai. Akashika kipaza sauti akaanza kuwaeleza watu umuhimu wa afya. Afya! Watu wanaungua mbele yake, jasho limeshawatoka kabla ya hatua ya kwanza, yeye anasifu afya akiwa kivulini! Mpishi alisonya kwa sauti mpaka mwenzake wa kushoto akamgusa bega. Saa mbili na robo bastola ikalia. Mpishi akabonyeza saa yake ya mkononi, wakaondoka.

Kilomita kumi za mwanzo hazikuwa na neno. Alikwenda dakika nne na sekunde moja kwa kila kibao, wala hakupepesuka. Kibao kinakuja, anaangalia saa, anaridhika, anaendelea. Barabara ya vumbi ilikata katikati ya mashamba yaliyovunwa, hakuna mti, hakuna ukuta, mabua tu na jua. Wanaume waliokuwa wamemtangulia kwa mbwembwe alianza kuwapita mmoja mmoja, wengine wamejishika kiuno kama wajawazito. Hakuwapa hata pole. Angeipata wapi pumzi ya pole?

Maji ndiyo yaliyomtia wazimu. Meza ya kilomita ya kumi na tano ilikuwa na ndoo moja na mama mmoja, na maji yenyewe vuguvugu kama ya kuogea mtoto. Meza ya kilomita ya ishirini ilikuwa meza tu. Juu yake hakuna kitu, nyuma yake hakuna mtu. Wagawa maji waliambiwa waje alfajiri, wakaja alfajiri, wakasubiri, wakachoka, wakabeba ndoo zao wakarudi makwao. Utawalaumu? Mpishi hakuwalaumu. Aliipiga ile meza kofi alipokuwa akipita, na kofi lile alimpiga mgeni rasmi.

Kuanzia hapo jua lilimkalia utosini. Ulimi ukawa mzito, chumvi ikamkaukia mashavuni, kiatu cha kulia kikaanza kula kidole. Kwenye kibao cha thelathini alikuwa amechelewa sekunde thelathini. Sekunde thelathini si kitu ukiwa umekaa. Ukiwa unakimbia ni mlima.

Hapo ndipo gari la Kocha lilipomfikia kutoka nyuma. Kocha alikuwa ameketi mbele, kioo kimeshushwa, kofia kichwani, chupa ya maji baridi mkononi. Akamtazama, akatazama saa yake, akatabasamu.

"Mpishi! Chakula kinaungua!"

Dereva wake akaangua kicheko. Gari likaongeza mwendo, likamwachia vumbi lote, na Mpishi akalimeza lote.

Haya. Mimi sijui Kocha alidhani atapata nini kwa maneno yale. Ninachojua ni kwamba damu ilimchemka yule mwanamke mpaka masikio yakamlia. Alimtukana kwa sauti, matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa, na kila tusi lilikwenda na hatua. Alimtukana Kocha, akamtukana mgeni rasmi na soda zake, akalitukana jua, akazitukana kona, akaitukana miaka thelathini na sita ambayo haikuweza kungoja kidogo. Na miguu, ajabu, ikaanza kwenda. Kibao cha thelathini na tano: amechelewa sekunde kumi na tano. Kibao cha arobaini: yuko sawasawa. Hapo vumbi likaisha, lami ikaanza, na lami ilikuwa ikirudisha moto juu kama kikaango. Hakujali. Kikaango anakijua.

Kibao cha arobaini na mbili alikiona kwa mbali, chekundu, kando ya mtaro. Akakipita akatazama saa. Mbili, arobaini na nane, sekunde arobaini. Zimebaki mita mia na tisini na tano. Hata akitambaa!

Aliinua macho autafute mstari. Kwa nukta moja akashangaa, maana hapo alipo ni kabla ya kufika kwa fundi pancha, na uwanja wenye turubai uko mbele kule, nyuma ya kona. Akajiambia, watakuwa wamesogeza mstari huku, mbona wanapenda kusogeza vitu. Akachomoka. Akatoa kila kilichobaki tumboni, kila alichokuwa amekifungia, akakimwaga barabarani. Lundo la matairi la fundi pancha likamjia mbio. Saa ikasema mbili, arobaini na tisa, ishirini na mbili. Akalipita lundo, hatua tano, hatua kumi, hatua kumi na tano.

Hakuna mstari. Hakuna kamba, hakuna mtu, hakuna chochote. Fundi pancha alikuwa amechuchumaa na tyubu ya baiskeli ndani ya beseni. Akainua kichwa.

"Dada, unatafuta nini?"

"Mstari! Mstari uko wapi?"

"Uwanjani," akasema fundi, akaonyesha kwa kidole chenye maji. "Si mlianzia kule na mnamalizia kule?"

Kutoka pale hadi uwanjani. Mpishi alipita njia ile kila siku ya Mungu kwenda sokoni, aliijua kama anavyojua jiko lake. Mita mia na tisini na tano gani hizo? Miguu iliyokuwa inaruka ikawa magogo. Umeshatumia kila kitu, halafu unaambiwa bado. Alikwenda. Sitasema alikimbia, alikwenda, mdomo wazi, mikono imelegea, machozi yanakauka kabla hayajafika kidevuni. Alipoupita mstari mbele ya turubai, saa yake ilikuwa na mbili, hamsini na moja, sekunde arobaini.

Watu walipiga makofi. Mwanamke wa kwanza, walisema. Wakamvisha medali. Akaivua akaitupa nyasini.

Kaka alikuja na chupa ya maji na taulo. Alimmwagia kichwani, na hakumtazama usoni. Mpishi akamshika mkono wa shati.

"Kaka. Baada ya kibao cha arobaini na mbili kuna mita ngapi?"

Kaka akatazama chini.

"Nakuuliza, kaka."

"Mia sita na kumi na tano."

"Zinatakiwa ngapi?"

"Mia na tisini na tano." Akalikunja taulo. "Niliongeza, mdogo wangu. Mia nne na ishirini. Mita kumi kwa kila kilomita."

"Uliongeza?"

"Ndivyo tunavyofanya kazini. Ukiagiza kokoto za barabara, kila kilomita unaweka mita kumi za akiba, halafu unazijumlisha zote mwishoni, ili mzigo usikupungukie ukaaibika. Sikutaka aseme tena ni fupi. Nilitaka nimzibe mdomo. Nilipofika mwisho nikaziweka, nikaona hapo sasa, na aje apime. Sikuwaza..." Akalikunjua tena lile taulo. "Sikuwaza kwamba ni wewe utakayezikimbia."

Mpishi alimtazama mtu huyu aliyembeba mgongoni kuvuka mto alipokuwa mdogo. Alitaka kumpiga. Nasema kweli, mkono uliinuka. Kisha ukashuka, kwa sababu hata nguvu za kumpiga hakuwa nazo, akamwambia tu, "Twende kwa Kocha ukayaseme hayo."

Kocha alikuwa mezani chini ya turubai, anakula na mgeni rasmi. Kaka aliyasema yote, amesimama, daftari mkononi, mbele ya watu walewale waliomcheka mwaka jana. Akafungua ukurasa akaonyesha hesabu. Kocha hakuuangalia. Alifuta midomo kwa kitambaa.

"Njia fupi ni kosa," akasema. "Njia ndefu haina kosa. Kanuni inasema isipungue, haijasema isizidi."

"Lakini nimekimbia kilomita zenu zote," Mpishi akasema, "kwa mbili arobaini na tisa! Saa yangu hii hapa. Fundi pancha aliniona!"

"Saa yako siyo saa ya mbio. Fundi pancha siyo hakimu. Mimi naandika cha mstarini." Akachukua kijiko chake. "Pole, Mpishi. Umejitahidi kwa umri wako."

Mgeni rasmi akaitikia kwa kichwa, akasema kujitahidi ndiyo afya yenyewe. Basi wakaendelea kula.

Ilipofika saa tisa alasiri wakimbiaji walikuwa wametawanyika, na jua lilikuwa bado linachoma kana kwamba lilikuwa halijalipiza vya kutosha. Chini ya turubai bado waliendelea na soda zao. Mpishi alikwenda kwenye gari la idara lililokuwa limeegeshwa nyuma ya uwanja. Alikuwa amevaa kandambili, vidole vimefungwa matambara. Akachomoa gurudumu la kupimia kwenye tela. Kisha akatoa ndoo ya rangi nyeupe, ile ya kuchorea barabara, na brashi pana.

"Unakwenda wapi na hivyo?" Kaka akauliza.

"Shika mpini. Rudisha mita zako mia nne na ishirini."

"Mdogo wangu, hiyo ni mali ya ofisi. Ile rangi inakaa miaka mitatu haifutiki. Wataniuliza."

"Wakikuuliza, waambie umeongeza."

Akashika mpini. Walianzia kwenye mstari wa uwanjani, wakarudi nyuma polepole, Kaka akisukuma, Mpishi akichechemea pembeni yake, na kisanduku kikilia tik, tik, tik. Wakaipita kona. Kwenye mita ya mia nne Mpishi aliliona lundo la matairi, na moyo ukamdunda kama anakimbia upya. Mia nne na kumi. Mia nne na ishirini. Gurudumu likasimama. Kutoka pale hadi kwenye lundo zilikuwa hatua kumi na tano za mtu anayekimbia.

Fundi pancha alitoka na kitambaa chake. "Dada, ulisimama hapohapo," akasema. "Hapohapo ulipokuwa unatafuta."

Mpishi aliketi chini, lami ikimuunguza, akapiga hesabu kwenye saa. Mbili, arobaini na tisa, sekunde ishirini na saba. Zilibaki sekunde thelathini na tatu nzima. Mita za Kaka, kutoka hapo hadi uwanjani, zilikuwa zimemla dakika mbili na sekunde kumi na tatu. Alilia hapo, kwa sauti, bila aibu, analia na kutukana, na Kaka akasimama na brashi mkononi kama mtoto aliyevunja chungu.

"Chora," akamwambia.

Kaka akachora. Yale mambo aliyajua, mwacheni. Mstari ulinyooka kutoka ukingo hadi ukingo, mpana kama kiganja na nusu, mweupe wa kuumiza macho. Juu yake akaandika namba kubwa, zile za kusomeka kutoka kwenye lori: 2:49:27. Jasho lilimdondokea kwenye rangi naye akaendelea. Fundi pancha aliwasimamisha waendesha baiskeli wawili akawarudisha, wasikanyage rangi.

Walikuwa wanamalizia ile saba ya mwisho wakati gari la Kocha lilipokunja kona kutoka uwanjani. Hiyo ndiyo njia yake ya nyumbani, hana nyingine. Kila asubuhi na kila jioni. Dereva aliona mstari mweupe mbele yake na watu wamesimama juu yake, akafunga breki.

Kocha akatoa kichwa dirishani. "Nini hiki?"

Mpishi alisimama katikati ya barabara, kandambili zake nyuma ya mstari. "Rangi mbichi, Kocha. Subiri ikauke."

"Ikauke kwa muda gani? Nina haraka mimi."

Akainua mkono wenye saa, akabonyeza. "Dakika mbili na sekunde kumi na tatu."

Kocha alifungua mdomo, akazitazama zile namba barabarani, akaufunga. Dereva hakucheka. Ndani ya gari kulikuwa na joto, na injini imezimwa, na jua limeingia kupitia kioo cha mbele likamkalia Kocha mapajani. Alivua kofia akajipepea. Dakika moja. Alitazama saa yake, akamtazama Mpishi, akatazama pembeni. Fundi pancha aliendelea na beseni lake. Dakika moja na nusu. Jasho lilimtoka Kocha chini ya sikio likateremka hadi kwenye kola. Ni refu lile jambo, dakika mbili, mtu akiwa hana la kufanya ila kulihesabu. Mpishi hakupepesa macho.

Sekunde ya mwisho ilipotimia alibonyeza saa, akasogea pembeni.

"Itakuwa bado mbichi," Kaka akanong'ona.

"Najua," akasema Mpishi. Kisha akainua sauti. "Pita sasa, Kocha. Mimi nilishapita."

Gari likapita taratibu, na matairi yakachukua rangi, yakaipigia lami mihuri myeupe hadi lilipopotea machoni. Kaka akachovya brashi, akapiga magoti, akaanza kurekebisha pale palipochubuka. Mpishi akamshikia ndoo. Hasira hazikuwa zimeisha, na asubuhi watoto mia nne wangetaka kula.